Majivu ya Kibanda cha Noeli

Kinama, Bujumbura
23 Novemba 2024

Mpendwa kaka yangu Claude,

Amani ya Bwana iingie nyumbani kwako kabla ya maneno yangu. Hujambo? Wifi Orlane na Maxime wetu hawajambo? Nasikia huko Ottawa baridi imeshaanza kuuma. Mvike mtoto vizuri, asiige ujeuri wako wa kutembea kifua wazi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Ni kwamba tumebaki na chumba kimoja, na Baba analala palepale ninapokaa. Kila neno la simu analisikia, na haya siwezi kuyasema akisikia. Kwa hiyo barua hii nampa Bonfils wa parokiani, anayesafiri kesho kuja huko.

Nilikuambia kwamba ziwa liliingia nyumba yetu ya Kajaga. Sikukuambia yote. Ziwa limeimeza. Nilikwenda nikaona mabati tu, na kiboko akijitosa pale palipokuwa jiko la marehemu Mama.

Baba, tangu kile kiharusi, mkono wa kulia hauinuki na maneno yamekatika. Lakini si mkono unaonitisha. Ameacha kutaka kuishi, Claude. Nambembeleza uji kama mtoto, ananigeuzia mgongo, anatazama ukuta. Daktari amesema waziwazi kwamba asipokula, Noeli hataiona.

Basi nikapata wazo, mimi na mawazo yangu! Nikasema nitamjengea kibanda cha Noeli cha mafunjo, cha kumlaza Mtoto Yesu, kama alivyokijenga yeye kila mwaka. Labda akikiona ataamka. Nilikwenda hadi kwenye kinamasi cha Rusizi, nikakata mafunjo ambayo vichwa vyake bado ni vya kijani, nikayapasua yakiwa mabichi. Nikavuna nyasi za ishinge za kutandika chini. Nikachuna nyuzi za mgomba, maana unajua kufunga kibanda kwa kamba ya dukani ni tusi kwa Baba. Kisha nikayachemsha mafunjo kwa maji ya majivu ili wadudu wasiyatoboe, nikayaanika kivulini. Mama Waridi, mwenye nyumba, Mwislamu wa watu, alinipa sufuria yake ya sherehe na baraza lake lote. Aliziba pua tu: "Prudence, hii harufu, weee!"

Yalitoka mazuri, rangi ya asali. Jumatano nikamwekea Baba fungu katika mkono wa kushoto. Akalipapasa, akalinusa. Nikafurahi kama mjinga. Kisha akasema, baada ya wiki nyingi za ububu: "Majivu ya wapi?"

Nikainamisha macho. Si unaijua desturi yetu? Sikukuu ya Mamajusi ikipita kibanda kinachomwa, na majivu yake yanakaa kwenye kopo la maziwa darini, yachemshe mafunjo ya mwaka unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa tangu kwa Babu, kibanda kinazaa kibanda. Sasa kopo liko chini ya maji. Mimi nilichota majivu ya imbabura, hili jiko letu la makaa, nikadhani majivu ni majivu.

Akaliachia fungu likaanguka. "Basi. Imeisha." Tangu hapo uji nao anautema.

Kaka, nimechoka. Nalia nikifua, nalia nikipika chakula kisicholiwa. Nasali rozari na naona kama nausalia ukuta uleule anaoutazama Baba.

Jana alitamka jina lako. "Claude. Ya Claude." Nilidhani amekukumbuka, nikamletea simu, akapiga godoro kwa hasira. Nimekuja kuelewa leo nikiosha vyombo. Siku ulipoondoka alifunga majivu kidogo kwenye kitambaa cha kichwani cha Mama, akakutilia sandukuni, ujenge na wewe kwako. Ukacheka, ukasema polisi wa uwanja wa ndege watadhani ni dawa za kulevya.

Je, yapo? Hujawahi kututumia picha ya kibanda, nami sikuuliza. Assia, binti wa Mama Waridi, yuko hukohuko Ottawa na anakuja mwanzoni mwa Desemba. Mpe yeye. Mafunjo nitayakata upya, viboko wapende wasipende.

Msalimie sana wifi, mbusu Maxime kwenye paji la uso. Mama Waridi anakusalimu. Salamu za Baba sina, na sitaki kukutungia.

Na kama majivu uliyatupa, usinieleze. Chota yoyote, yafunge katika kitambaa cha Mama, mpe Assia. Baba atakijua kitambaa. Ila mimi usiniambie kamwe, maana akiniuliza tena majivu ni ya wapi, nataka nimjibu nikimtazama machoni.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na ukibaki mkono mwingine, autupe huku.

Mdogo wako akupendaye hata akikukasirikia,
Prudence