Beti Zangu Kwenye Kioo cha Roshani

Paa! Anyona, nilisikia mlio huo nikiwa nje ya kanisa hapa Ikonge, nikadhani transfoma imelipuka.

Ni kioo changu. Kile cha ukingo wa roshani ya kwaya, chenye beti zangu zilizochomwa juu yake kwa rangi ya kauri. Linet, binti wa kwaya, alikiegemea tu kwenye mazoezi, kikapasuka chote. Mose, mwimbaji mwenzake, alimdaka kwa sketi. Kwa sketi, Anyona! Chini ni saruji.

Nimeokota kipande chenye neno langu "uzima". Nikifumba macho nakiona.

Wewe fundi uliniambia. Ulisema, "Rangi hiyo ikichomwa juu ya kioo inakidhoofisha, hasa ikikaa upande wa nje, unaovutika mtu akiegemea. Ongeza unene." Nami nikakujibu, "Unaonea wivu mashairi yangu." Nikaelekeza maandishi nje ili waumini wayasome. Unene nikauacha uleule wa kioo kisicho na rangi.

Vioo vingine vitatu vyenye beti zangu bado vimesimama. Mzee wa kanisa, Nyasani, anasema, "Kijana, viache. Kesho ni Sabato, tuna wageni, na jua likizama hakuna kazi." Nusura nimfokee.

Linet alikuwa ameketi kwenye ngazi. Akaniuliza, "Kaka, kesho tutasimama wapi?"

Panda boda sasa hivi uje na spana zako, kwa sababu nimemwambia mbele ya mzee na kwaya nzima, "Linet, kabla jua halijazama nitakuwa nimevishusha vyote vitatu, na kesho hakuna atakayeegemea neno langu hata moja."