Amina ya Pili

Jeddah, Ijumaa

Ile amina ya pili bado inanisumbua.

Baada ya chakula cha mchana Bibi, mamake madam ninayemfanyia kazi, aliomba dua kama kawaida, nami nimesimama pale na sinia. Akailaani serikali ya Israeli kwa watoto inaowaua Gaza. Nikaitikia amina kwa moyo wote. Zile picha nimeziona, nimelia.

Halafu akaendelea: Mayahudi wote, popote walipo, wafe na watoto wao. Mdomo wangu ukasema amina tena, kwa mazoea tu.

Serikali, sawa. Lakini wote?

Daktari Miriamu wa Nairobi ni Myahudi. Ndiye aliyempulizia mwanangu Brayo pumzi alipozaliwa kimya.

Jioni Brayo akapiga simu. "Mum, leo umeniombea?"

Nikasema ndiyo, ile amina ya pili ikiwa bado mdomoni.