Sura Zilizokuwa Kwenye Makopo ya Biskuti

Mbugangari, Gisenyi,
Rubavu, Rwanda.
16 Juni 2025

Mpendwa Dada Umutesi,

Hamjambo huko Bukoba? Mama Mkubwa anaendeleaje na magoti yake, na yale mafuta niliyompelekea Pasaka yamemsaidia? Watoto wameachana na kikohozi? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Mama amevuna maharage, analalamika kutwa kwamba ni machache, na bado kila mgeni anaondoka na mfuko. Mimi nipo pale pale kwenye duka la fotokopi.

Nina jambo, dada. Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako.

Mwezi wa pili alikuja dukani bibi mmoja, Nyirahabimana, mjane wa Aloys aliyekuwa mpiga picha karibu na barabara ya Grande Barrière. Aliuliza kama tunanunua makopo ya biskuti. Nikafungua moja, nikakuta limejaa mikanda ya negativu, ile ambayo ukiiinua kwenye mwanga unaona watu wenye nywele nyeupe na meno meusi. Alikuwa nayo makopo kumi na tisa. Paa lake linavuja, mikanda imeanza kushikana, akaona bora aichome auze makopo.

Nilimwomba wiki moja. Sasa imepita miezi minne.

Gentil, fundi simu jirani yetu, alitafuta skana. Wengine wakaleta beseni na kamba ya kuanikia, na kila Jumamosi tunakutana uani kwa bibi. Mikanda iliyogandana tunailoweka kwenye maji safi na kuiachanisha polepole. Kisha Gentil anabonyeza, weusi unageuka weupe, na mtu anatokea kwenye kompyuta anakutazama. Majirani wanakuja kuwatambua, nasi tunaandika majina. Kila mmoja namwuliza moyoni: siku ile ulikuwa unakwenda wapi? Picha ulimpelekea nani?

Kuna koti moja la kijivu ambalo nililiona kwa mwanamume mmoja, kisha kwa mwingine, hadi nikahesabu thelathini na wanne. Bibi alicheka sana nilipomwuliza. Aloys aliliweka studio kwa ajili ya yeyote asiyekuwa na lake.

Tuligombana mara moja tu. Gentil alitaka picha zote ziwekwe kwenye mtandao mara moja, watu wa mbali nao wazione. Bibi akamwambia, "Hapana, mutoto yangu. Hii mapicha haiko yangu, haiko yako pia. Iko ya wenye sura."

"Donc tuiache tu kwa kompyuta, hakuna mutu anaiona?" Gentil akauliza.

"Utafute wenyewe. Wakikubali, uweke. Wakikataa, uwape yao, bon, imeisha."

Gentil alinuna hadi Jumamosi iliyofuata, lakini alikubali. Nami nilimwona bibi ana haki, ingawa sikujua kwamba jambo hilo lingenigusa mimi.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulifungua kopo la kumi na moja. Alitokea msichana amevaa mushanana, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani, amekazana asicheke, na kando yake kijana mrefu mwenye koti lile la kijivu, mikono ya koti imeishia katikati ya viganja na viwiko. Yeye alikuwa anacheka waziwazi. Msichana nilimjua pale pale, dada. Ni Mama Mkubwa.

Kwenye kurasa chache zilizosalia za daftari la Aloys, mbele ya namba ya picha ile, pameandikwa: Gasana, mwalimu, Nyundo, na mchumba wake.

Nilikwenda nyumbani nikamleta Mama bila kumwambia kitu. Alitazama muda mrefu, akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Ndiye. Ndiye baba yake Umutesi."

Najua hujawahi kumwona hata kwa picha. Walipokimbia, Mama Mkubwa alikubeba wewe na blanketi tu, baba yako akabaki nyuma, asionekane tena. Nikakumbuka sweta zako za shule, jinsi zilivyokupwaya mabegani na bado mikono yake haikufika kwenye viganja. Tulikuwa tunakucheka. Hatukujua ulikuwa umevirithi kwa nani viungo vile.

Ningeweza kukutumia kwa simu, lakini simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na Mama Mkubwa angeiona kabla hujajiandaa. Nimeisafisha, imo kwenye bahasha ndogo niliyoibandika ndani ya hii. Ifungue utakapoweza.

Mtandaoni haipo, wala majirani hawajaonyeshwa. Mkisema ibaki kwenu, itabaki. Lakini Mama Mkubwa akikubali kuzungumza, mwulize kwa niaba yangu baba yako alikuwa amesema nini kilichowachekesha hivyo. Mama hajui. Bibi Nyirahabimana naye hajui. Hapa duniani amebaki yeye tu anayejua.

Msalimie shemeji, Ganza na Cyiza, na majirani wote wanaonikumbuka. Mama anawabusu wajukuu. Mungu awakalishe pamoja siku mtakayoifungua, na aitulize mikono yako.

Mdogo wako akupendaye bila kupungua,
Iradukunda

Mama anasema Mama Mkubwa asionyeshwe akiwa amesimama.