Fatiha Niliyoizuia Leo

Mombasa, Jumatatu, mwezi wa Rajabu. Joto tangu alfajiri, upepo haupo, na mimi nimekasirika.

Nimekasirika lakini salamu ni haki ya mtu, kwa hiyo zipokee kwanza, mwanangu Mahmud. Bibi yako akusalimu sana, magoti yamsumbua na maneno hayajampungukia. Dada yako Aziza akusalimu, yuko hapa ubavuni anigusagusa niandike kwamba amejifunza kushona kofia ya tobo na ya kwanza ni yako. Ami yako Said akusalimu. Nakufikishia kwa sababu ni amana, si kwa sababu leo nampenda. Mkewe akusalimu. Binti yake Salma hakuniambia nikusalimu, lakini alisimama mlangoni muda mrefu aliponiona natia wino. Hesabu hiyo kuwa salamu. Jirani wa ng'ambo akusalimu, na paka wake bado aiba samaki wetu.

Nami mama yako sijambo wa mwili. Wa moyo, ngoja nikueleze.

Wajua karatasi hizi huziandika siku kwa siku, kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, alizonifundisha mwalimu kabla sijawekwa ndani kama mwari, kisha huzifunga pamoja nikakuletea Bombay kwa meli ya barua. Nyingine huwa nazichana, nikiona nimesema sana. Hii sitaichana.

Leo baada ya alasiri ami yako alikuja na watu wanne kuketi sebuleni kwetu. Mmoja alikuwa Bwana Gulam, yule rafiki yake muuza nguo. Alikuja kwa toroli ya reli, vijana wa kazi hiyo wakamsukuma juani kutoka Kilindini mpaka kona ya Kuze, akashuka ameloa jasho yeye aliyekaa. Nikapika kahawa, nikapeleka halua. Nilidhani wamekuja kuzungumza habari za msikiti.

Kumbe wamekuja kukuoza.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia: mimi, bibi yako, Aziza na Salma, ambaye alitumwa na mamake ati anisaidie vikombe. Tukamsikia ami yako asema, kijana amekaa Bombay vya kutosha, arudi na meli ijayo, aoe binti ami yake, akae dukani auze kanga. Amemposea yeye, amemkubalia yeye. Kauliza mwenyewe, kajibu mwenyewe! Nimeona posa nyingi katika mji huu, lakini posa ya mtu mmoja sijaiona.

Mwanangu, neno la Salma mimi silikatai. Msichana mzuri, ana akili, mikono yake haikai bure. Kilichonichoma ni chuo. Umebakisha mwaka wa mwisho kwenye chuo kile cha serikali, mwaka wenyewe wa kusomea ujenzi wa madaraja, halafu mtu akunyanyue kama mkeka!

Bwana Gulam akamuuliza polepole kama si vyema umalize kwanza. Ami yako akacheka.

"Amalize awe nani? Nimekwenda Kilindini mimi, kwenye kazi ya bandari, nimeuliza. Injinia hutoka Ulaya. Msimamizi hutoka Bara Hindi. Mtu wa hapa hushika mnyororo wa kupimia ardhi. Sasa huyu asome miaka yote ile aje ashike mnyororo?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupanda, na nitakwambia ukweli wake: ilipanda kwa sababu hakusema uongo.

Mwezi uliopita tulikwenda matangani Makupa. Njiani nikamwona Mzungu ameinama anachungulia katika bomba lenye miguu mitatu, apima ardhi. Mbali kidogo vijana wawili wa kwetu wamesimama juani, kila mmoja ameshika mti wa rangi, hapana ruhusa kutikisika. Mmoja nilimjua, mtoto wa mwalimu wa mtaa wa pili, aliyehifadhi Kurani yote. Inzi walimtua usoni na hakuwafukuza, maana angeutikisa ule mti. Nililia ndani ya buibui mpaka Makupa, wenzangu wakadhani namlilia maiti.

Nilimwona yule, lakini niliyekuwa nikimlilia ni wewe.

Sikukuandikia. Niliogopa nikikwambia utavunjika moyo, na ukivunjika moyo utarudi, na ukirudi nitafurahi, na nikifurahi nitakuwa nimekuharibu. Mama yako ndivyo alivyo, ajiogopa hata furaha yake.

Na mbona nikuvunje moyo? Wewe ndiye uliyenieleza kwa barua kwa nini chuma cha daraja hupangwa pembe tatu. Nilichukua njiti za ukuti nikazifunga kwa uzi, nne nne, nikazisukuma kwa kidole zikalala. Nikafunga tatu, nikasukuma, zikakataa kulala. Nikamwita Aziza aje aone. Bibi yako akasema nimerogwa, mtu mzima achezea ufagio. Basi mimi mtu wa herufi za chuoni nimelielewa jambo hilo, nimelishika kwa vidole vyangu, halafu mtu aniambie mwanangu anayeyajua hayo mpaka mwisho wake aende akapime nguo kwa pima!

Narudi kwenye hadithi, nisije nikatoboa karatasi.

Ami yako akagonga mlango wa ndani kidogo, akasema, "Wenyewe mmeridhika?" Wajua desturi yetu, hilo halijibiwi. Wanawake hunyamaza, na kimya chao huwa ndiyo. Kisha wanaume huinua mikono wakasoma Fatiha, na ikishasomwa neno limefungwa, hapana wa kulifungua ila kwa aibu ya nyumba mbili.

Salma akanivuta nguo. "Mama mkubwa, nani kawaambia mimi nimechoka kumngoja?"

"Nyamaza wewe," bibi yako akamnong'oneza. "Bi harusi hasemi."

"Bi harusi gani, bibi, nami hata sijaulizwa?"

Nikachungulia pembeni ya pazia. Mikono imeshainuliwa. Ami yako amefumba macho.

"Msisome!"

Wallahi sikujua kama ni mimi. Sauti ilitoka kubwa, ile ya kumwita mtu yuko ng'ambo ya mtaa. Kikombe kikaanguka huko sebuleni. Mmoja akasema astaghfirullah, mwanamke azuia Fatiha!

"Sikuzuia maneno ya Mungu," nikasema. "Nimezuia yenu."

"Shemeji, umepatwa na nini? Mbele ya wageni!"

"Anayeozwa yuko wapi, Said?"

"Mimi ndiye baba yake sasa."

"Wewe ni ami yake, Mungu akuweke. Baba yake yuko kaburini na mama yake yuko nyuma ya pazia hili. Hajaulizwa yeye, sikuulizwa mimi, na hata binti yako hukumuuliza."

Bibi yako akaanza kuvuta uradi wa tasbihi kwa nguvu, apate kutosikia. Alisikia vyote, usiku huu amenirudia neno kwa neno.

"Basi nitajie," ami yako akasema, na sasa hakuwa akicheka, "nitajie mtu mmoja wa mji huu aliyekaa kwenye kiti hicho unachomtakia mwanao. Mmoja tu, shemeji."

Nikatafuta. Mahmud, nilitafuta kweli, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba.

"Hayupo," nikasema. "Na akirudi leo, atakuwepo?"

Bwana Gulam akawa wa kwanza kushusha mikono yake, akajipangusa magotini kana kwamba ndicho alichoinulia. Wengine wakafuata.

Ami yako si mtu mbaya. Aona aibu itakukuta mbele, ataka kukutoa njiani kabla haijafika. Namjua. Lakini hasira yangu haijapoa, na nusu yake ni juu yako wewe. Meli mbili zimeingia bila hata mstari wako. Nilisimama pale nikigombana na wanaume watano, na ndani ya kifua changu sijui hata kama wewe mwenyewe bado wakitaka chuo hicho! Je, kama umechoka? Je, kama huko nako wamekwambia maneno ya Kilindini, nawe wayameza peke yako usinitie simanzi? Mimi nimekutetea kwa kubahatisha. Hilo ndilo laniuma kuliko kikombe, kuliko aibu, kuliko watakayoyasema wake zao kesho.

Wameondoka kwa ahadi moja. Meli ya barua yang'oa nanga kesho kutwa. Iende, irudi. Ikirudi na jawabu la mkono wako, litafuatwa, hata likiwa chungu kwa ami yako au kwangu. Ikirudi tupu, wataisoma Fatiha, na safari hii sitakuwa na la kusema.

Ukitaka kurudi, sema wataka kurudi. Nitalia, kisha nitasonga nywele, nitapika biriani ya harusi, na hutasikia lawama kwangu. Ukitaka kubaki umalize, hata kama kiti chenyewe hakuna anayekuwekea, sema hivyo vilevile nami nitajua nasimama juu ya nini. Usinipambie maneno. Usiniulize mimi nataka nini.

Ukurasa huu ukikufika umesimama, usikae. Usingoje Ijumaa, usingoje mtihani. Mkamate karani wa meli ile ile iliyouleta kabla haijageuka, umpe jawabu mkononi. Hata likiwa neno moja, Mahmud. Aziza atanisomea kama wino utakuwa umechafuka.

Mamako.