Hodi Mlangoni kwa Mama

Ofisi ya Wahudumu,
Nyumba ya Wazee ya Kanisa,
S.L.P. 214.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umetulia tangu ulipoacha ile kazi ya kubeba mizigo. Wifi hajambo? Na mapacha je, bado hawali mpaka wagombanie kijiko? Waambie shangazi yao anawakumbuka. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuweke wapi.

Najua unashangaa kuona barua wakati simu unayo na mimi ninayo. Sababu utaiona huko mbele. Kwanza kaa kitako. Mama yu hai, usianze kutetemeka. Lakini kaa.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilitoka kazini, nikafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikakuta pazia la Mama bado limefungwa. Nikaita. Nikasikia kitu kama kucha zinakwaruza mlango wa chumba chake, kwa chini kabisa. Nikasukuma, mlango ukagoma. Kaka, kilichouzuia ni Mama mwenyewe! Alikuwa sakafuni nyuma yake, amejifunika shuka nusu, midomo imemkauka hata jina langu halimtoki. Nilipiga ukelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja mbio na mkasi wake mkononi, akidhani tumeingiliwa na wezi. Tulimtoa kwa kuubandua mlango.

Hospitali walimlaza siku nne. Nyonga imepona chupuchupu, ila mkono wa kushoto una ufa na umefungwa plasta. Daktari alipomwuliza ameanguka saa ngapi, alijibu, "Mchana, mchana," akageukia ukutani. Unajua tena Mama na madaktari. Nikamwamini, nikajifariji kwamba ni saa chache tu, na aliporuhusiwa nikarudi kazini, fundi cherehani akimchungulia mara kwa mara.

Sasa sikia. Jumatano iliyopita niko koridoni na rundo la mashuka, namwona mtu anashuka kwenye teksi, plasta mkononi, na ule mkoba wa kahawia aliokuwa akienda nao kwenye mikutano ya kanisa. Mama! Nikamkimbilia, nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Nimekuja kuomba nafasi." Nikacheka. Akaketi kwenye benchi la waombaji na kuuliza zamu imefikia nani. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Kaka, Mama huyuhuyu aliyeianzisha nyumba yenyewe! Bibi Benchi, yule kikongwe wa benchi la nyuma kanisani, hujamsahau wewe, maana ndiye aliyekutoa chumbani kwako. Jumapili ile kanisa zima liliimba na kuomba, hakuna aliyegundua kwamba benchi la nyuma lina pengo isipokuwa Mama. Akaenda kumwangalia kwenye kile chumba chake cha kupanga, akamkuta sakafuni tangu Ijumaa. Akamleta kwetu kwa mkokoteni. Wewe na miaka yako kumi na mmoja ukahamishiwa sebuleni chini ya meza, ukaapa kwamba ukikua utakwenda mbali watu wasikufikie na vikongwe vyao. Na kweli ulikwenda.

Baada yake wakawa watatu, kisha sita, na bafu ni moja! Mchungaji wa wakati ule akatupa ghala la mabenchi, umoja wa akina mama wakalipaka rangi wenyewe, muuguzi mmoja mstaafu akaja kusaidia wiki moja na akakaa miaka tisa. Makanisa mengine yakajiunga. Halafu kuna ile siku wazee wa kanisa walibishana tangu asubuhi mpaka jioni kama tupokee wa dini nyingine, mpaka Mama akawauliza kama sakafu ilimwuliza Bibi Benchi dini yake kabla hajaiangukia. Kikao kikafungwa hapo. Leo ni mwaka wa thelathini na nne. Tuna ghorofa tatu, wakazi mia moja na kumi na sita, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, upande wa wale waliopoteza kumbukumbu, na nyumba nyingine mbili katika miji ya jirani. Tuna hata lifti, ambayo Mama huisalimia kabla hajaingia.

Na katika yote hayo, kanuni ya kwanza ya Mama haijaguswa: kila alfajiri, kila mlango upigwe hodi, na mhudumu asiondoke mpaka mwenye chumba ajibu kwa kinywa chake. Asipojibu, mlango unafunguliwa saa hiyohiyo. Hayo ni matunda ya Bibi Benchi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi hiyo ni yangu, milango arobaini ya chini. Naijua sauti ya kila mmoja. Wengine hunitukana, nami nafurahi, maana anayetukana ni mzima.

Turudi kwa Mama. Unajua anayeomba nafasi huhojiwa na mchungaji na mjumbe mmoja wa kamati, familia ikisubiri nje. Kwa hiyo nilikaa nje, kwenye kiti ambacho nimeona watoto wa waombaji wakikikalia huku wanatazama viatu vyao. Nami nikatazama vyangu.

Walipomaliza, mchungaji aliniita akanisomea fomu, kama utaratibu unavyotaka. Alisoma polepole, na mara mbili alivua miwani. Mahali pa kuuliza kama mwombaji ana watoto, Mama alijibu: "Wawili. Mmoja yuko mbali, mwingine anatunza wazee."

Lakini ngoja, hapo bado. Swali linalofuata ni kwa nini anaomba sasa. Nakunakilia neno kwa neno, maana nakala ninayo hapa mezani:

"Nilianguka saa kumi alfajiri. Nilimsikia mwanangu akiamka, akikoroga chai, akifunga mlango wa mbele. Sikumwita, kwa sababu kuna milango arobaini inamngoja. Nilidhani nitainuka mwenyewe."

Saa kumi na nne, Kaka! Jamani, saa kumi na nne! Na mimi asubuhi ile nilipita mlangoni kwake nanyata, viatu nimevishika mkononi, eti nisimwamshe. Kati yetu palikuwa na ubao mmoja tu. Nikafika kazini kwa wakati, nikapiga hodi arobaini, zikajibiwa zote, nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba wote wameamka salama. Nilisaini chini yake. Nimeliangalia daftari lile mara sijui ngapi na bado siamini kwamba mwandiko ni wangu.

Niliingia kwa Mama bila kuruhusiwa, nikampigia magoti. Nikamwambia turudi nyumbani, kazi naiacha leo. Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Uache ili iweje? Upige hodi moja, arobaini zikose mtu?" Nikalia kwa sauti, Kaka, mimi ambaye huwanyamazisha wenzangu. Akanishika kichwa kwa ule mkono mzima. "Hukunikosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyenyamaza. Ila nimechoka kuwa mlango wa arobaini na moja."

Wamempa chumba cha kumi na saba, kilichokuwa cha yule mwalimu mstaafu aliyefariki mwishoni mwa mwezi uliopita. Amekataa mapazia mapya. Wapishi wanamwogopa, wanaonja mchuzi mara tatu kabla haujafika kwake.

Na hii ndiyo sababu ya barua. Kanuni yake yeye mwenyewe inasema watoto wote waambiwe kwa maandishi, wa karibu na wa mbali, na kila mmoja ajibu kwa mkono wake ndani ya siku thelathini. Mpaka hapo kitanda chake cha nyumbani hakiguswi. Fomu nimeiambatanisha. Mstari wangu ulikaa wazi wiki nzima, kwa sababu kila nikishika kalamu nilijiona nasaini kwamba nimeshindwa. Wako uko chini yake. Ukiona arudi nyumbani, andika hivyo, lakini andika pia ni nani atakayekuwa karibu alfajiri.

Mimi nimesaini leo. Asubuhi nilifika mlango wa kumi na saba, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikashika kitasa. Ndipo nikasikia sauti yake, kavu, haina hata usingizi: "Nilikusikia mara ya kwanza. Nilitaka tu ubishe tena."

Nilibisha mara ya tatu, Kaka. Akasema, "Karibu."

Nisalimie Wifi sana, na mapacha, na yule binamu yetu dereva mkipatana naye. Mjomba anawasalimu, na fundi cherehani pia, anasema mlango ameshaurudishia bawaba. Mama anakusalimu na anakuombea kwa Mungu akulinde wewe na watu wa nyumba yako, mlale na muamke. Mimi naomba hivyohivyo.

Wako akupendaye, hata kama leo hunipendi,

Dada yako,
Kasuku