Mama Hakuwa na Pepo

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

U hali gani, na wifi, na wanangu? Kile kikohozi chako kimeisha? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama leo amekula akashiba, ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika. Kwenye simu ningeishia kutukana.

Mwezi uliopita Mama alikuwa kwenye cherehani, mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe. Jioni mguu nao ukafuata, unajitupa huku na huku kama si wake. Akili timamu, anatuomba radhi kwa kutupiga mateke! Akisinzia, vyote vinatulia.

Nikasema hospitali. Mjomba, unamjua, mdomo mbele akili nyuma, akasema, "Dada yangu ana pepo." Akamleta yule nabii wake anayenuka jasho. Walimfunga Mama mkono kitandani kwa kamba ya pazia. Nabii akamtemea mate usoni, kisha akamnywesha asali, kikombe juu ya kikombe. Mgonjwa wa kisukari! Nilipopiga kelele, Mjomba akanisukuma nje. Huko nikawakuta majirani dirishani, simu juu, wanacheka. Watu aliowashonea nguo za harusi!

Asubuhi alikuwa amelowa mkojo, midomo imekauka, mkono bado unapigana na kamba. Nikaikata. Dereva teksi wa jirani akanisaidia kumbeba.

Daktari akamchoma kidole, nami nikamweleza habari ya asali. Sukari ilikuwa juu hata kipimo kikashindwa kuisoma. "Sukari ikipanda hivi huweza kuvuruga ubongo, viungo vikacheza vyenyewe," akasema. "Nani kampa asali?" Nikamtajia Mjomba na nabii wake.

Akatundikiwa maji, akapigwa insulini. Siku baada ya siku viungo vikapoa. Sasa hutetemeka kidogo tu akichoka.

Usidhani uchafu umeishia hapo. Juzi Mjomba kaja na nabii wake, eti Mama akatoe ushuhuda kanisani kwao kwamba ameombewa akapona! Mama akamtazama Mjomba mpaka akainamisha macho.

"Ndugu yangu," akamwambia, "nilikuwa nasikia kila kitu. Nilikuita nikilia, ukazidi kukaza fundo."

Waliondoka bila kuaga.

Najua atakupigia akulilie. Wewe ni mkubwa, amua mwenyewe. Mimi salamu yake siipokei.

Nisalimie wifi na mama mkwe wako, na uwabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko. Na wewe Kaka, kapime sukari. Hii damu ni moja.

Ni mimi nikupendaye,
Kitinda mimba wenu