Pengo Kwenye Kanda ya Hamisi

Mtwara, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Njombe na baridi yake? Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ila joto la huku linanichemsha.

Kazi nimeanza. Redio yetu ina chumba kizima cha kanda za zamani, nami ndiye mkuu wake. Zinaliwa na ukungu. Nimekuja na programu ya kompyuta inayojifunza sauti ya mtu, kisha inajaza maneno yaliyopotea. Nawafundisha wenzangu wawili, Mustafa na Sharifa. Kila ninachosema, "Sawa, madam." Nikiuliza nani ana swali, wanatazama meza. Nashukuru kupata watu wasio wabishi.

Wiki ijayo tunarusha kanda ya kwanza: salamu alizorekodi marehemu Hamisi, mvuvi wa Kitaya. Kiboko alipindua mtumbwi wake mtoni Ruvuma, mwili haukupatikana.

Binti yako,
Irene

Njombe, 19 Machi

Mwanangu Irene,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, namshukuru Mungu.

Nimeongoza wodi miaka mingi, na wodi iliyonitisha ni ile ambayo wauguzi hawakunibishia. Mtu akikukubalia kila kitu, huenda ameona kosa akalinyamazia. Kaa nao, mnywe chai, uwaulize wanaogopa nini. Na ndugu wa huyo marehemu, mmewauliza?

Mama yako

Mtwara, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama huko. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Barua yako ilinikuta tumesharusha. Kesho yake akaja mjane wa Hamisi, Bi Shamimu. Aliomba kusikia tena pale mwishoni palipokuwa na pengo. Programu imejaza: "Chiku, niwashie taa, nakuja."

"Chiku ni mimi," akasema. "Aliniita hivyo chumbani tu."

Nikamweleza kwamba Hamisi hakusema hayo, mashine ndiyo imeyatunga.

"Sasa mashine imelijulia wapi jina langu?"

Tumesikiliza kanda zake zote, jina hilo halimo. Ndipo Mustafa akasema, "Siku ile ya kwanza nilimsikia Hamisi anahema kwenye pengo, madam, kama mtu aliyetoka majini. Nilitaka kukwambia. Nikahofia utasema naleta ushirikina."

Sasa kila Ijumaa Bi Shamimu anawasha taa ukingoni mwa mto.

Wako,
Irene

Njombe, 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tangu nisome barua yako usingizi haunijii. Zima mashine hiyo. Nenda Kitaya na wenzako, na safari hii Mustafa ndiye aongee. Wewe sikiliza.

Mama yako

Mtwara, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya. Afya yangu nzuri, na yako naiombea.

Maneno ya mashine tumeyafuta. Siku hizi hakuna kanda inayotoka kabla kila mmoja hajasema linalomkera. Sharifa ananibishia mpaka nacheka.

Jumamosi tulikwenda Kitaya wote watatu. Mustafa alimwomba Bi Shamimu radhi, akamchezea kanda halisi, pengo lake likiwa wazi. Mimi nilikaa kimya kama ulivyoniambia. Tulipofika kwenye pengo palikuwa na mkwaruzo tu. Bi Shamimu akainua uso, akaitika, "Abee."

Hakuna aliyemwita.

"Mmefuta yenu," akatuambia kwa upole. "Yake yamebaki." Akatuaga, akaenda kutia mafuta kwenye taa.

Garini, tulipokipita kijiji cha Mahurunga, Sharifa akasema, "Mimi nimesikia jina pale."

"Na mimi," akasema Mustafa. "Chiku."

Wakanigeukia. Mama, mimi ndiye niliyewaambia wasiogope kusema.

"Nimesikia jina," nikasema. "Si Chiku. Ni langu la utotoni. Hapa Mtwara hakuna anayelijua."

Mustafa akasimamisha gari. Hakuniita madam.

"Dada Irene, uliitika?"

Niliitika, mama. Kimoyomoyo, kabla sijajua nafanya nini.

Binti yako,
Irene